Lamu: Kisiwa Kinachokunywa Kutoka Mchangani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walisema tembea uone. Nami nimetembea, nikaona, na sasa sina budi kueleza.

Likizo ya Desemba iliyopita mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Lamu, alinitumia nauli nikamtembelee kwa muda wa wiki tatu. Niliporudi, wenzangu darasani waliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Uliona wazungu wangapi?" La pili: "Ulikuwa unakula nini huko bila ugali?" Hilo la kwanza sikulijibu, maana sikwenda kuhesabu watu. Hilo la pili nitalijibu kwa kirefu katika makala haya. Lakini kuna swali la tatu ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote, watu wake hunywa nini?

Tafadhali fuatana nami polepole, tutalifikia.

KISIWA KILIKO

Lamu iko katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa pwani ya Kenya, si mbali sana na mpaka wetu na Somalia. Usichanganye mambo matatu. Kuna Kaunti ya Lamu, ambayo sehemu yake kubwa iko bara. Kuna kisiwa cha Lamu. Halafu kuna mji wa Lamu, ulio ndani ya kisiwa hicho. Wenyeji huuita mji wao Amu, na wao wenyewe ni Waamu. Ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari kuna kisiwa cha Manda, ambako ndege hutua. Mbele zaidi kuna kisiwa cha Pate, kilicho kikubwa kuliko Lamu, chenye miji ya kale ya Pate, Siyu na Faza.

Kutoka Kakamega ni safari ya kuchosha, sitaki kukudanganya. Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, kisha basi lingine hadi Mombasa. Kutoka Mombasa tulipitia Kilifi, Malindi, Garsen na Witu. Kutoka Garsen barabara ambayo zamani ilikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, sasa ina lami. Tulisimamishwa na askari mara kadhaa, tukashuka, tukakaguliwa vitambulisho na mizigo. Mimi nilionyesha barua ya shule. Msomaji atakumbuka kwamba mwezi wa Juni mwaka wa 2014 watu wengi waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya karibu, na tangu hapo usalama wa njia hiyo huangaliwa sana.

Basi hukomea Mokowe. Hapo barabara imekwisha, mbele ni bahari. Unaingia katika boti na haipiti nusu saa unauona mji umesimama ukingoni mwa maji, nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga, na majahazi yametia nanga mbele yake. Mimi mtoto wa bara nilishika ubao wa boti kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akacheka, akaniambia, "Mwanangu, wacha kushika hivyo, boti haikimbii."

MJI USIO NA HONI

Jambo la kwanza nililolisikia Lamu ni kwamba sikusikia honi. Kwetu mjini Kakamega ni matatu, bodaboda na makanga wa kuita abiria tangu alfajiri. Huko magari ni ya kuhesabika kwa vidole, kwa sababu vichochoro ni vyembamba mno. Kuna mahali ukikutana na punda aliyebeba mawe huna budi kujibanza ukutani apite. Punda ndiye lori, ndiye mkokoteni, ndiye pia teksi. Wako kwa maelfu, na tangu mwaka wa 1987 wana hospitali yao mjini ambapo hutibiwa bila malipo. Nilipomwandikia mama habari hiyo alidhani nafanya mzaha.

Mji wenyewe una sehemu kubwa mbili. Kaskazini ni Mkomani, kwenye majumba ya kale ya mawe. Kusini ni Langoni, ambako nyumba nyingi ni ndogo na nyingine zimeezekwa kwa makuti. Njia kuu inayopita katikati huitwa Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Majumba ya kale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yatokayo baharini, yakaunganishwa kwa chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Mbele ya mlango kuna daka lenye viti vya mawe kila upande. Mgeni wa kawaida hukaribishwa hapo, akazungumza na mwenye nyumba pasipo kuwasumbua walio ndani. Ndani ukutani kuna vishubaka vinavyoitwa zidaka, ambamo huwekwa vyombo vizuri. Mwaka wa 2001 shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Katikati ya mji kuna ngome. Historia yake kwa ufupi ni hii: karibu mwaka wa 1813 watu wa Lamu walipigana na jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, wakashinda. Hata hivyo waliogopa kwamba maadui wangerudi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Ngome ikakamilika karibu mwaka wa 1821. Baadaye iligeuzwa jela, na wafungwa wakakaa humo hadi mwaka wa 1984. Siku hizi ni makumbusho. Nje yake kuna uwanja ambapo wazee huketi, vijana hucheza bao, na jioni wauzaji wa vyakula huwasha makaa.

CHAI YA CHUMVI

Sasa nieleze aibu yangu. Mjomba amepanga vyumba viwili Langoni, katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Bi. Asubuhi ya kwanza nilitaka kuonyesha adabu, nikaamka mapema kuwapikia chai. Uani mlikuwa na kisima. Nikateka maji, nikachemsha, nikatia maziwa, majani na sukari ya kutosha kabisa. Maziwa yakakatika. Nikadhani yamelala. Mjomba alipoonja akauliza, "Umetia chumvi badala ya sukari?"

Bi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaniambia kwa Kiamu, "Mwanangu, maiyi ya kisima hiki ni ya kuoshea. Ya kunwa yatoka mtangani."

Nilielewa maneno nusu tu. Mtangani ni mchangani. Lakini maji yatoke mchangani vipi? Kwetu maji hutoka mtoni, au kwenye chemchemi, au juu mbinguni, ambako mvua hunyesha karibu kila siku saa tisa kama aliyepewa ratiba. Kakamega hupata mvua karibu maradufu ya ile ya Lamu. Ndiyo maana siku hiyo hiyo nilikuwa nimeoga ndoo mbili bila kufikiri. Bi hakunigombeza. Aliniwekea kopo dogo kando ya birika ya bafuni na kusema, "Hili latosha." Ndani ya birika hiyo mlikuwa na visamaki vidogo. Nilitaka kuvitoa, nikaambiwa niviache, ndivyo vinavyokula viluwiluwi vya mbu.

CHAKULA

Haya, tuje kwenye tumbo. Nianze kwa kuwatoa wasiwasi: ugali upo, ila huko huitwa sima. Lakini mfalme wa chakula ni wali, na malkia wake ni nazi. Karibu kila kitu hupikwa kwa nazi: wali, maharagwe, mbaazi, mchicha, muhogo, ndizi, samaki, hata kuku.

Asubuhi watu hula mahamri kwa mbaazi za nazi. Hamri ni kama mandazi yetu, lakini ni jepesi, lina tundu ndani na harufu ya iliki. Wengine hula mkate wa mofa, mkate mdogo wa mviringo uliookwa katika tanuri ya udongo. Vitumbua navyo huuzwa vichochoroni vikiwa moto. Adhuhuri ni wali na samaki. Jioni pale uwanjani mbele ya ngome hupati pa kupita: mishikaki, viazi karai, chapati, bhajia, na juisi ya ukwaju. Baadaye hupita muuza kahawa na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue amefika. Kahawa yao ni chungu, haina maziwa wala sukari. Ukishindwa kuinywa, kama nilivyoshindwa mimi, unasaidiwa na kipande cha halua au kashata.

Bi alinifundisha kupika wali wa nazi, nami nitawaeleza. Siku hiyo aliniambia, "Niletee mbuzi, mwanangu." Nikatoka uani, nikatazama kila pembe, nikaona kuku na paka tu. Nikarudi nikasema mbuzi ametoroka. Kumbe mbuzi ni kibao kifupi cha kukalia, chenye ulimi wa chuma wenye meno mwishoni, cha kukunia nazi! Na jioni mjomba aliposema, "Kesho tutakula kamba," sikuuliza kitu. Nilijua tu kwamba hawezi kunilisha kamba ya kufungia ng'ombe. Kesho yake nikaona ni wale wanyama wa baharini wenye miguu mingi na masharubu marefu.

Wali hupikwa hivi. Nazi ikishakunwa, hutiwa maji kidogo ikakamuliwa kwa kifumbu, yaani kifuko kilichosukwa kwa ukindu. Yale maziwa ya kwanza ni tui zito, huwekwa kando. Kisha unatia maji mengine unakamua tena mara moja au mbili, unapata tui jepesi. Mchele huchemshwa kwa tui jepesi na chumvi. Unapokaribia kukauka ndipo unapomimina tui zito, unafunika, unapunguza moto. Ukitia tui zito mwanzoni litakatika na kuungua. Makapi yaliyobaki huitwa chicha, hupewa kuku.

Nilipomtazama Bi akikamua nilimkumbuka nyanya yangu akichuja maji katika jivu la maganda ya maharagwe apate munyu wa kulainisha mrenda. Watu wa bara na wa pwani wote wamejua kwamba kitu kikavu kinaweza kutoa kitu kitamu ukikipitishia maji. Kumbukeni wazo hilo, nitalirudia.

Samaki wa kupaka ndiye aliyenishinda kwa utamu. Huchomwa juu ya makaa, huku akipakwa mchuzi mzito wa tui, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, akigeuzwa na kupakwa tena hadi mchuzi unamkaukia mwilini. Samaki wa namna nyingi hupikwa hivyo, kama changu, tafi na kolekole. Kaa hutoka kwenye mikoko, na zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu.

Utauliza pilau, biriani na halua zilifikaje kisiwani. Zilikuja na upepo. Kuanzia karibu Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja nao yakileta tende, vyombo na nguo. Kuanzia karibu Aprili huvuma kusi, nayo yakarudi nao na boriti, pembe za ndovu na bidhaa nyingine, na watumwa pia, jambo ambalo hatuwezi kulificha. Wageni walikaa miezi wakingoja upepo ugeuke. Walioa, walipika, wakafundishana. Hata leo upepo ndio unaopanga bei ya samaki: kusi ikichafuka, mashua ndogo hazitoki, na samaki huwa ghali.

MIJI MIDOGO NA MAGOFU

Mjomba alinipeleka Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa. Huko mafundi huunda majahazi ufuoni kwa shoka, tezo na keekee. Niliuliza ramani ya chombo iko wapi. Fundi akajigusa kichwa. Kina mama nao husuka mikeka ya ukindu, kazi ambayo pia hufanywa Kipungani, kusini zaidi.

Siku nyingine tulivuka kwenda Takwa, kisiwani Manda. Chombo hupenya katikati ya mikoko na lazima uvizie maji yakijaa, la sivyo utakwama matopeni. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili uliositawi kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 17. Uliobaki ni msikiti, kuta, kaburi lenye mnara, na mibuyu. Watu waliuhama, na inasimuliwa kwamba wengi walivuka kwenda Shela. Kwa nini? Wataalamu wengine hutaja ugomvi na Pate. Wengine husema maji ya visima yaligeuka chumvi. Niliposikia hilo la pili nilikumbuka chai yangu, nami sikucheka tena.

UFUO WA SHELA

Shela ni mji mdogo, karibu kilomita tatu kusini mwa mji wa Lamu. Unaweza kwenda kwa boti au kwa miguu kufuata pwani. Una msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka wa 1829, wenye mnara mnene uliochongoka juu. Siku hizi una pia hoteli na majumba mengi ya wageni matajiri, baadhi yao wakija mara moja tu kwa mwaka.

Ukipita mji ndipo ufuo unapoanza, karibu kilomita kumi na mbili za mchanga mweupe. Hakuna kibanda wala mti wa kivuli. Jua ni kali, mchana mchanga huchoma nyayo. Nilikimbia, nikaogelea kwa kuogopa, nikaokota kombe. Nyuma ya ufuo kuna vilima vya mchanga, vingine virefu kuliko nyumba ya ghorofa, vyenye vichaka huku na huko. Nilipanda kimoja nikateleza chini kama mtoto mdogo. Nikamwambia mjomba, "Mahali pazuri hivi na pako bure tu! Kwa nini hawajengi hoteli hapa zifike mpaka mwisho?"

Mjomba alisimama. Akaniambia, "Hapo uliposimama ndipo mtangani kwa Bi. Unakanyaga tangi la maji la mji mzima."

Alinieleza hivi. Mvua inaponyesha juu ya udongo mgumu au saruji, maji hutiririka yakaingia baharini. Inaponyesha juu ya mchanga, huzama papo hapo. Yakizama hukuta chini maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Lakini maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami zaidi, hukaa juu yake, kama tui zito linavyopanda juu ya maji kwenye bakuli. Mchanga nao huyachuja na kuyakinga na jua. Visima vimechimbwa huko, na maji husukumwa kwa mabomba hadi mjini. Nikakumbuka kifumbu cha Bi na jivu la nyanya. Mchanga ule mkavu ndio kifumbu cha Lamu.

Mambo mawili yanaweza kuharibu tangi hilo. La kwanza ni kuteka kupita kiasi. Maji matamu yakipungua juu, ya chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaonja chumvi si rahisi kukirudisha. La pili ni kujenga juu yake. Saruji huzuia mvua kuzama, mashimo ya vyoo huchafua maji, na wanaochota mchanga hupunguza kilima chenyewe. Visima vya mjini, kama kile cha uani kwetu, viko karibu mno na bahari na vimezungukwa na nyumba na vyoo tangu zamani, ndiyo maana ni vya kuoshea tu.

Basi hapo ndipo palipo na mzozo. Kwa mwenye pesa, kilima kile ni kiwanja kinachotazama bahari. Kwa Bi, ni glasi ya maji. Miaka mingi sasa watu wamegombania viwanja huko, na wenyeji wamelalamika kila ukuta mpya unapoinuka. Hoteli huleta kazi, hilo ni kweli. Kijana jirani wa mjomba analisha wadogo zake watatu kwa mshahara wa kufua mashuka ya hoteli. Lakini yeye mwenyewe aliniambia, "Maji yakisha, hoteli watahamia kwengine. Sisi tutahamia wapi?"

Samaki pia ana mashaka yake. Huko Manda Bay serikali imejenga bandari mpya, na gati ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa sababu kuchimbwa kwa bahari kuliharibu sehemu zao za kuvulia, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa huko, baada ya wenyeji kukipinga. Sisemi maendeleo ni mabaya. Nasema mwenye sahani aulizwe kabla ya sahani kusogezwa.

LUGHA YAO, LUGHA YETU

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, siwezi kumaliza bila kutaja lugha. Nilikwenda Lamu nikijiona bingwa kwa sababu napata alama nzuri za insha. Siku ya kwanza nilimsikia mtoto wa miaka mitano nikahitaji mkalimani. Kiamu ni lahaja, wala si Kiswahili kilichoharibika. Pale tunaposema ch, mara nyingi wao husema t: mchele ni mtele, macho ni mato, chini ni tini, mchanga ni mtanga. Pale tunaposema nj, wao husema nd: njia ni ndia, njoo ni ndoo. Na j yetu huwa y: maji ni maiyi, jua ni yua, moja ni moya. Bi alipoita "Ndoo!" mara ya kwanza nilimpelekea ndoo.

Kiswahili sanifu tunachosoma kilijengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928. Lakini kabla ya hapo tenzi kubwa zilitungwa kwa lahaja za Lamu na Pate. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka wa 1858, na hadi leo wanafunzi husoma habari zake. Kwa hiyo yule mtoto wa miaka mitano hakukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nimechelewa.

NA SISI WA KAKAMEGA JE?

Huenda unauliza haya yote yanatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari. Nilipofika nyumbani nilipita kando ya msitu wetu, nikaona kama nauona mara ya kwanza. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1933, na mito Isiukhu na Yala hupita ndani yake. Majani na mizizi yake hupokea mvua na kuizamisha polepole ardhini, kama mchanga wa Shela. Mwenye msumeno huona mbao. Mwenye jembe huona shamba. Sisi tunaochota mtoni, tunaona nini? Tofauti ni kwamba Waamu wanajua maji yao yanatoka wapi, hata mama asiyesoma hidrolojia anajua. Mimi nilikuwa sijui, na niko kidato cha tatu.

Ukibahatika kwenda Lamu, msomaji, yazingatie haya. Vaa nguo za heshima mjini, ufuoni ndipo mahali pa kaptura. Amkia wakubwa kabla ya kuuliza njia. Usimpige mtu picha bila idhini. Ukienda mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Ukienda mfungo sita utaikuta Maulidi, sherehe inayovuta watu kutoka pwani yote. Kula wanachokula wenyeji, kwa maana pesa ya hamri hukaa mtaani. Na ukioga, tumia kopo.

Siku ya kuondoka Bi alinifungia mahamri kumi katika karatasi, na chupa ya maji ya njiani. Nikamwambia asijisumbue, Mokowe yanauzwa. Akasema, "Haya ni ya mtangani, ndiyo ya mgeni." Niliyanywa kidogo kidogo hadi Garsen. Wahenga wanatuambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni tuwe wengi Lamu, lakini tuwe wa namna hiyo, wa kumponya mwenyeji, si wa kumkausha kisima.